Mzee ameruhusiwa, sasa mlisheni akiwa amekaa

Uyole, Mbeya

Mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Mafinga. Huku baridi ya Julai imetushika kwelikweli, lakini tu wazima. Pole kwa kuuguza, na nimefurahi mno kusikia baba ameruhusiwa kutoka hospitali baada ya kile kiharusi.

Nakuandikia haraka kwa sababu ya jambo linaloniuma kila nikiwa zamu. Wazee wa kiharusi tunaowapokea tena wodini, wengi hawarudi kwa kiharusi cha pili. Wanarudi na nimonia. Kiharusi hulegeza misuli ya koo, basi chai au uji ukapita njia ya hewa ukaingia mapafuni. Wewe na mimi tungekohoa. Mzee anaweza asikohoe hata kidogo, nyumbani wakadhani amekunywa vizuri, kumbe siku chache baadaye ana homa na anahema mbiombio.

Kwa hiyo baba asilishwe akiwa amelala, hata akiomba. Mkalisheni wima kabisa, kichwa kisilale nyuma, kijiko kiwe kidogo, na ameze kwanza ndipo apewe kingine. Maji na chai nyepesi hupalia upesi kuliko uji mzito. Sauti yake ikianza kukoroma kama yenye maji, acheni hapo hapo, na mkampime kumeza hospitali. Akimaliza kula akae nusu saa. Na kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, hata kama meno yamebaki machache, maana uchafu wa kinywani ndio unaoshuka na mate hadi kifuani.

Najua ndugu watakuja na maziwa na ndizi, kila mmoja akitaka kumlisha mzee kwa mkono wake. Wakatalie. Kwa heshima, lakini wakatalie.

Dawa za presha msiziache kwa kuwa kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa sababu anazimeza. Kama hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, mpeane zamu na kaka zako, usibebe peke yako. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea zaidi au maneno yakipotea ghafla, msingoje asubuhi wala msimpe kitu mdomoni. Tafuteni gari.

Wifi yako anapita hapo Jumamosi akienda Iringa. Nimempa kipimo cha presha, mpokeeni stendi. Nipigie jioni uniambie baba anamezaje.

Akupendaye,
Mama Upendo