Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: KUSOMEWA MAPATO NA MATUMIZI YA KIJIJI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu, na pole na majukumu.

Ningeendelea kungoja jibu la barua yangu ya kuomba taarifa hiyo, iliyopigwa muhuri masijala kwako, lakini juzi mgambo walipita kwetu. Wameondoka na mbuzi wa mama mkwe wangu, mjane, kwa kuwa hajatoa mchango wa zahanati, awamu ya pili. Akitaka kumkomboa, alipe mchango na faini juu. Faini hiyo ilipitishwa na kikao gani? Nilipouliza, niliambiwa niache siasa.

Awamu ya kwanza nilitoa. Niliuza mahindi bei ikiwa chini kabisa, nikaomba stakabadhi, nikaandikwa kwenye daftari la shule. Boma lenyewe la zahanati unalifahamu, ulipiga nalo picha. Limeishia kwenye lenta, na ndani mmeota mbaazi. Wajawazito bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kwenda kituo cha afya. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Ya njiani sitayaandika hapa.

Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu. Sisi, tangu tupige kura Novemba 2024, tunaitwa kutangaziwa michango tu. Ukiuliza fedha za awamu ya kwanza, mtendaji wa kijiji anajibu kuwa jambo hilo halipo kwenye ajenda. Ajenda anaiandaa nani? Yeye. Na yeye ni mwajiriwa wako, Ndugu Mkurugenzi.

Wapo wanaosema fedha zimeezeka nyumba ya mtu. Wengine wanasema zililisha wageni. Mimi nadhani saruji ilinunuliwa kweli, ila kwa bei ya kwenye karatasi. Ninakisia, ndiyo, kwa sababu karatasi yenyewe mmeninyima.

Kila mwaka CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakabidhi ripoti Ikulu, nasi redioni tunasikia mabilioni yalivyokwenda. Hongereni. Ya Dodoma tunayajua. Mifuko ya saruji ya hapa kijijini ndiyo siri ya serikali!

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilikupa siku 30 za kunijibu. Tumepanda na kuvuna tangu hapo. Ulipohamia wilayani ulituambia mlango wako uko wazi. Kweli uko wazi, ila aliyekaa mlangoni kila siku anasema uko kwenye kikao, na suala langu liko kwenye mchakato.

Sidai mtu afungwe, wala sidai mchango wangu. Tusomewe mapato na matumizi, basi. Mkutano ukishindikana, mwagize mtendaji abandike karatasi kwenye ubao wa matangazo. Nafasi ipo: chini ya orodha ya majina yetu, "wadaiwa sugu wa maendeleo", karatasi moja inatosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi na mchangiaji