Barua ya wazi kwa Kamishna wa Chakula na Dawa wa Marekani: magunia yale yalikuwa na nini?

Mheshimiwa Kamishna,

Baada ya salamu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafungua chaza hapa Baltimore, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kazi yetu ni kisu kifupi, glavu na masikio. Chaza aliye hai ukimgonga hujifunga. Asiyejifunga amekwisha, hata kama hajaanza kunuka.

Msimu uliopita wakaguzi walibeba magunia yetu mawili. Kama walitoka kwako au jimboni, sijui. Ninachojua ni kwamba chaza wengine wa mzigo uleule tulishawauza, na wawili watatu niliwala mwenyewe. Mpaka leo hatujaambiwa kilichoonekana. Bosi anasema hayo ni mambo ya makaratasi.

Haya, tuseme makaratasi. Sheria ya chakula safi aliyoisaini Rais Roosevelt tarehe 30 Juni 1906 iliruhusu serikali kukamata chakula kilichooza kikisafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Aliyeshtakiwa ni mzigo wenyewe: Marekani dhidi ya mapipa ya chaza! Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lakini mwenye mapipa aliweza kuja kuyatetea, hata kudai baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida, waamue kesi, na hukumu ikishatoka sheria ilitaka itangazwe. Matangazo yale ni mafupi, makavu: mzigo gani, ulitoka wapi ukienda wapi, ulikutwa na nini, uliishia wapi. Mfungua chaza wa wakati ule angeweza kujua alishika nini.

Pua haitoshi, wewe wajua kuliko mimi. Majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, chaza walieneza homa ya matumbo New York, Chicago na Washington, wakafa watu wapatao 150. Chaza wenye vijidudu vile hawanuki. Ndipo ukaja utaratibu wa kufuatilia wanakovuliwa, na leo kila gunia lina lebo ambayo duka huitunza siku 90.

Lebo hutuambia gunia limetoka wapi. Naomba kwa namba hiyohiyo tuambiwe pia lilikoishia, sentensi moja tu, ibandikwe pale tunaponawia mikono.

Namba za magunia yale mawili niliziandika nyuma ya risiti. Ninazo. Siku 90 zilikwisha zamani.

Wako,
Mfungua chaza, Baltimore