Watoto wakisema, wajibiwe

Mhariri,

Kila Juni 16 ikikaribia, watoto wetu hukaririshwa risala. Mwalimu anaiandika, mtoto mwenye sauti nzuri anaisoma mbele ya mgeni rasmi, tunapiga makofi, mgeni anaahidi kulifanyia kazi, na habari inaishia hapo. Siku hii ya Mtoto wa Afrika inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Wale walisema neno lao wenyewe. Inaniuma tunapowaadhimisha kwa kuwapa watoto maneno yetu wayasome.

Mimi ni fundi wa kuchomea, Mbagala. Mwaka jana nilipewa kazi ya geti katika shule ya msingi ya jirani. Nikiwa napima nguzo, wakaja wasichana wa darasa la sita.

"Shikamoo fundi. Komeo la choo chetu utaweka lini?"

Habari za choo sikuwa nimeambiwa. Wakanipeleka. Hakuna mlango hata mmoja wenye komeo. Msichana akiingia, mwenzake anasimama nje kaushikilia mlango. Asiye na mwenzake anajibana mpaka arudi nyumbani. Nilipolifikisha kwenye kamati ya shule, mjumbe mmoja akanijibu, "Hao watoto tu, geti kwanza."

Namshukuru mwalimu mkuu. Aliita wanafunzi wachache wakae nasi kikaoni, tena kwenye viti, si kusimamishwa mbele yetu kama washtakiwa. Binti mmoja akaniambia komeo nilifunge chini, usawa wa kiuno chake, kwa kuwa wa darasa la kwanza hawafiki juu. Hakuna mtu mzima pale aliyekuwa amewaza hilo. Wakaomba na banda la kunywea uji, maana mvua ikinyesha wanabanana barazani na vikombe vya moto. Mwalimu akawaeleza fedha iliyopo na inakokwenda. Waliuliza maswali, mengine makali. Banda hawakulipata, lakini waliondoka wanajua kwa nini. Komeo zipo, zote chini.

Wapo wazazi wenzangu wanaosema huku ni kuwafundisha watoto jeuri. Siafiki hata kidogo. Mtoto amesalimia, ameuliza, amejibiwa. Heshima imepungua wapi? Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Haimlazimishi mkubwa kukubali kila kitu. Lakini kumsikiliza mtoto kisha ukanyamaza, hapo umemsikilizaje?

Nawaomba wenyeviti wa mitaa, walimu wakuu na maofisa ustawi wa jamii wa Temeke: safari hii waacheni watoto waandike risala wenyewe, hata kama ina makosa ya tahajia. Na kabla haijasomwa, asimame mtu mzima asome majibu ya risala ya mwaka jana: kipi kimefanyika, kipi kimeshindikana na kwa sababu gani, kisha watoto wapewe kipaza sauti wamuulize.

Mzazi na fundi wa kuchomea,
Mbagala, Dar es Salaam