Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Hesabu atazisoma mweka hazina, na uchaguzi una ajenda yake. Mimi nitakaa zaidi kwenye kazi iliyotukusanya: kusoma na kuhakiki fasihi iliyoandikwa kwa Kifaransa, ya Ufaransa na ya kwingineko.

Mkutano mkuu uliopita uliamua kwamba vikao vya usomaji viache kuanza na nadharia. Wapo waliolalamika, na hadi leo wapo wanaoninunia. Lakini waliohudhuria vikao vya zamani wanakumbuka hali ilivyokuwa: mtoa mada anamtaja Barthes, anamtaja Genette, anamalizia na Glissant, na jina la mwananadharia limekwisha kuwa hirizi ya kumkinga asiulizwe habari za kitabu chenyewe. Safari hii kila kikao kilianza na matini mezani: imechapwa wapi, mwaka gani, na nani. Nadharia ilisubiri hadi ilipohitajika.

Kikao kilichotushika kuliko vyote kilikuwa cha Paul et Virginie, riwaya ya Bernardin de Saint-Pierre ya mwaka 1788. Wengi wetu tulifundishwa kuisoma kama hadithi ya mapenzi ya watoto wawili waliokulia Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Wahakiki wa Ufaransa kwa muda mrefu waliitazama kwa jicho la mwanafalsafa Rousseau: uzuri wa maumbile, usafi wa moyo, uharibifu unaoletwa na mji na fedha. Hayo yote yamo. Ila safari hii mwenzetu wa idara ya historia aliweka kando ya riwaya mkataba wa tarehe 14 Septemba 1776 kati ya Sultani wa Kilwa na mfanyabiashara Mfaransa, Morice. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20 (sarafu ya fedha ya wakati huo), naye Sultani apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Soko la watu hao lilikuwa kisiwa hichohicho. Kati ya mkataba na riwaya ni miaka 12 tu.

Baada ya hapo sura ya mwanamke mtoro haikusomeka tena kama zamani. Mtumwa aliyetoroka anajitokeza kwa Virginie akiwa na njaa na makovu ya mijeledi. Virginie anampa chakula chake cha asubuhi, kisha yeye na Paul wanamrudisha kwa bwana wake kwenda kumwombea msamaha. Bwana anakubali. Jioni Domingue, mtumwa wa familia zao, anawasimulia msamaha huo ulivyokuwa: amemwona mwanamke yule amefungwa mnyororo mguuni kwenye gogo, na shingoni ana pete ya chuma yenye kulabu tatu. Riwaya inaendelea na safari yake.

Tulibishana sana hapo. Upande mmoja ulisema mwandishi alijua anachofanya: aliishi kisiwani kati ya 1768 na 1770, na kitabu chake cha safari cha mwaka 1773 kinaulaani utumwa bila kumung'unya maneno. Upande wa pili ulisema raha ya familia zile mbili nyeupe inalimwa na Domingue na Marie, na msimulizi hajiulizi hata mara moja kama watu hao walitaka kuwapo pale. Mimi nilielemea upande wa pili, na sababu yangu imo ndani ya matini: msimulizi anayejua kuhesabu kulabu za chuma shingoni mwa mtumwa wa jirani anawaonyesha watumwa wa nyumbani kama watu walioridhika kabisa. Huko ndiko nadharia ya usimulizi ilikotufaa, kwa kuwa swali lilikuwa nani anaona, na anaona hadi wapi. Waliotarajia uhakiki wa baada ya ukoloni peke yake ungetosha walishangaa kidogo.

Kikao cha pili kwa uzito kilikuwa cha mwandishi Yambo Ouologuem wa Mali. Riwaya yake Le Devoir de violence ilitolewa na Seuil, wachapishaji wa Paris, mwaka 1968, ikapata tuzo ya Renaudot ya Ufaransa mwaka huohuo. Mwaka 1972 gazeti moja la fasihi la London likaweka kurasa zake sambamba na kurasa za mwandishi Mwingereza Graham Greene, kuonyesha kwamba amenakili. Kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kuona pia alichochota kwa mwandishi Mfaransa André Schwarz-Bart. Kitabu kikaondolewa sokoni, mwandishi akarudi Mali, akanyamaza hadi kufa kwake mwaka 2017. Seuil walikichapa upya mwaka 2018. Miaka mitatu baadaye Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali akapata tuzo ya Goncourt, nayo ya Ufaransa, kwa riwaya aliyomtabaruku Ouologuem.

Kisa hiki ni mtihani mzuri wa mbinu za uhakiki. Mhakiki wa shule ya Lanson, anayesaka chanzo cha kila sentensi, anaona wizi. Anayefuata mwingilianomatini, kama mwananadharia Kristeva alivyoufafanua mwishoni mwa miaka ya 1960, anaona kitabu kilichoshonwa kwa makusudi kutokana na vitabu vingine. Mwanasosholojia wa fasihi anauliza kwa nini Paris, iliyompa tuzo, haikumtetea. Baadhi yenu mlitaka tupige kura kuhusu hatia ya Ouologuem, nami nikakataa. Jambo moja lilibaki bila majibu: mwandishi alidai kwamba mswada wake ulikuwa na alama za kunukuu zilizoondolewa kabla ya kuchapwa. Dai kama hilo haliamuliwi na nadharia, linaamuliwa na mswada.

Ndiyo maana kamati inapendekeza tuingie kwenye uhakiki wa miswada, yaani kusoma rasimu za mwandishi kabla ya kitabu kuchapwa, ambao una taasisi yake Paris tangu mwaka 1982. Tunaye jirani wa kuanzia naye: mshairi Jean-Joseph Rabearivelo wa Antananarivo, Madagaska, aliyejiua mwaka 1937. Mashairi ya Presque-songes, yaliyotoka mwaka 1934, aliyaandika kwa Kimalagasi na Kifaransa kwa pamoja, na maandishi yake kamili yamekwisha kuhaririwa katika mabuku mawili makubwa. Anayefundisha ushairi huo kwa Kifaransa pekee anafundisha nusu.

Mwezi Aprili tulimpoteza V. Y. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa wa Kongo, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, aliyefariki Marekani. Wanachama wetu wa Lubumbashi, waliosoma katika chuo alichowahi kufundisha, waliandaa kisomo cha Entre les eaux, riwaya yake ya mwaka 1973 kuhusu padri anayejiunga na wapiganaji wa msituni. Nilifurahi kwamba walichagua riwaya. The Invention of Africa, aliyoiandika kwa Kiingereza mwaka 1988, inanukuliwa kila mahali, hata na watu ambao hawajui kwamba mwandishi wake alitunga hadithi.

Kikundi cha tafsiri kilifanya kazi kimyakimya. Kimeanza kulinganisha Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Les Damnés de la terre ya Frantz Fanon iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, na matini ya Kifaransa ya mwaka 1961. Kitaendelea na Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali ambayo Maganga aliitafsiri. Nawaomba wanaofundisha Kiswahili wajiunge nacho, maana hadi sasa ni walimu wa Kifaransa tupu.

Fedha si nzuri. Ada zinachelewa, na gharama ya kuagiza vitabu kutoka Ulaya inameza karibu kila tunachokusanya. Kamati inataka fedha za vitabu zitangulie kwanza kwa matoleo yanayochapwa Afrika pale yanapopatikana. Riwaya ya Sarr, kwa mfano, ilitolewa kwa ubia na wachapishaji Jimsaan wa Dakar.

Mapendekezo ya vitabu vya mwaka ujao yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, kila moja likitaja toleo na mahali nakala inapopatikana. Pendekezo lenye jina la nadharia bila jina la kitabu litarudishwa kwa mwenyewe. Mimi sigombei tena uenyekiti. Fomu ziko kwa katibu.

Mwenyekiti