Kioo chenye mistari hakijafa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie mafundi wenzangu wa Mbeya, pamoja na wateja wanaotuletea vifaa, kwamba tunatupa vioo vingi vya gemu za mkononi ambavyo bado vinatengenezeka.

Hivi karibuni mpwa wangu anayeishi Uyole alipeleka Game Boy yake, gemu ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, kwa fundi mmoja mjini. Ni ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1989, yenye kioo cha nukta 160 kwa 144 kisicho na taa. Mistari mitatu ya wima ilikuwa haionyeshi kitu. Aliambiwa kioo kimekufa, akarudishiwa kifaa skrubu mbili zikiwa hazipo na utepe unaounganisha kioo na saketi ukiwa umechanika. Niliumia sana, kwa sababu kabla ya utepe ule kuchanika kazi yenyewe ilikuwa ndogo.

Mistari ya wima iliyopotea mara nyingi si ugonjwa wa kioo. Utepe umegandishwa kwa joto kwenye ukingo wa chini wa kioo, na kadiri miaka inavyopita baadhi ya njia zake za umeme huachia. Fundi mwenye subira huwasha kifaa, akapitisha ncha ya pasi ya kuchomelea risasi polepole juu ya ukingo ule, kwa joto la wastani na bila kukandamiza, na kwa macho yake huona mstari mmoja baada ya mwingine ukirudi. Doa jeusi lililoletwa na jua nalo mara nyingi huwa ni filamu ya polaraiza iliyoungua, yaani karatasi nyembamba inayochuja mwanga juu ya kioo. Hubanduliwa kwa wembe, gundi ikasafishwa kwa spiriti, ikabandikwa nyingine. Hata baridi yetu ya Juni na Julai hudanganya watu, maana vioo vya aina hii huzubaa vikipoa, na mteja aliyeamka alfajiri akaona picha inaacha kivuli hudhani ameharibikiwa.

Wapo wanaotaka kuona vizuri zaidi, nao wana haki. Fundi anaweza kubandua karatasi inayoakisi mwanga nyuma ya kioo na kuweka bamba la taa za LED. Picha ikififia, huizungusha filamu ya polaraiza robo duara hadi nyeusi ikawa nyeupe, kisha huongeza saketi ndogo inayopindua ishara za picha, nyeupe ikawa tena nyeusi, na picha hurudi kama ilivyokuwa ikiwa imekolea. Siku hizi kuna pia vioo vya IPS, yaani vioo vya kisasa vyenye taa yake, vinavyowekwa mahali pa kile cha zamani, na kwa kweli vinapendeza. Hata hivyo vinakula umeme zaidi, na mteja anayenunua betri nne za bei nafuu dukani anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa, tena aambiwe kama kasha litakatwa ndani ili kioo kipya kienee, kwa kuwa plastiki iliyokatwa hairudi. Kioo cha zamani kinachotolewa ni mali yake, akabidhiwe.

Ningependa pia walimu wa vyuo vya ufundi wavitumie vifaa hivi kufundishia. Betri zake nne hutoa volti 6 tu, kwa hiyo kijana anaweza kujifunza kushika pasi ya kuchomelea bila hatari ya kupigwa na umeme wa kifaa chenyewe, na makosa yake atayaona palepale kwenye kioo.

Kuhusu mpwa wangu, utepe uliochanika sikuweza kuuunga. Kwa hiyo yeyote mwenye Game Boy ya aina hiyo iliyoungua saketi lakini kioo chake kinaonyesha, hata kama kina mistari, asiitupe jalalani. Aipeleke kwa mafundi wa Mwanjelwa, maana kioo hicho kinatafutwa.

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Mwanjelwa, Mbeya