Mwanza nayo iliangushiwa bomu

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu ujana wangu bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya vivutio vya Kanda ya Ziwa, iliyodai kwamba Mwanza haijawahi kuonja vita, imenishinda kuinyamazia.

Mnamo Julai 1916 Waingereza chini ya Jenerali Crewe, wakiwa wameshaichukua Ukerewe mwezi mmoja kabla, waliuteka mji huu, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Juni 1915 walikuwa wameshaivamia Bukoba na kuubomoa mnara wake wa simu ya upepo. Meli za abiria na mizigo zilifungwa mizinga, zikawindana humu humu ziwani tunamovua dagaa.

Kama hayo ni ya kale mno kwa mwandishi wako, basi ya Machi 1979 yana mashahidi walio hai, nami ni mmoja wao. Ndege ya Libya, iliyokuja kumwokoa Idi Amin, ililenga ghala la mafuta hapa mjini, ikakosa vibaya, na mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala wasiojua hata mpaka wa Uganda uko wapi. Nilikuwa darasa la tano, na mshindo ule ninao masikioni hadi leo. Mjukuu wangu, aliyekua akinisikia nikisimulia, aliliandika jambo hilo katika zoezi la historia, akawekewa kosa kwa wino mwekundu na alama mbili zikaenda. Nilipokwenda shuleni kuuliza, mwalimu, ambaye kwa umri ni sawa na kitinda mimba wangu, alinipa shikamoo kwa adabu zote, akafungua droo, akanitolea kama ushahidi, Mhariri, gazeti lako!

Tusishangae sana, maana hata mawe ya jiji hili tumeyaacha yapakwe rangi za matangazo ya vifurushi vya simu, wakati hakuna aliyeona vyema kuandika juu ya jiwe moja tu kwamba hapa walipita wapagazi wa Kisukuma wakiwa wamebebeshwa risasi za watu wengine.

Naomba masahihisho yachapwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla ya shule kufungwa, ili niyakate, niyatie plastiki na kuyapeleka kwa mwalimu. Zile alama mbili tunazihitaji.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza