Usiuze kinanda kwa sababu ya noti moja: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Habari za huko na za kwaya. Nimesikia kinanda chenu cha umeme, Yamaha P-45, kina kibonye kinacholipuka kwa sauti hata kikiguswa taratibu, na kamati inataka kukiuza. Waambie wasubiri. Saketi za ndani hazichoki upesi. Vinavyochoka ni vile vinavyoguswa kila siku: mipira ya chini ya vibonye, matundu ya waya na adapta.

Chini ya kila kibonye kuna vikombe viwili vya mpira vyenye kaboni, kama vya ndani ya rimoti ya televisheni. Ukibonyeza, cha kwanza kinagusa bodi ya saketi, halafu cha pili. Kinanda hakijui nguvu ya kidole chako. Kinapima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi, sauti ni kubwa. Sasa vumbi likikaa kwenye mguso wa kwanza, unasomwa kwa kuchelewa, muda unafupika, na noti inalipuka. Likikaa kwenye wa pili, noti inakuwa bubu au inalia mara moja moja. Kwa hiyo noti inayolipuka na noti iliyo bubu zina ugonjwa mmoja, na dawa ni kusafisha.

Tenga mchana mzima. Chomoa umeme, kilaze kinanda kifudifudi juu ya godoro, fungua skrubu za chini. Hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa penye fupi inatoboa plastiki. Chora umbo la kinanda kwenye boksi kisha chomeka kila skrubu mahali pake. Piga picha nyaya bapa kabla ya kuzichomoa. Fuata mpaka kwenye bodi ndefu za migusano. Kwenye baadhi ya vinanda lazima vibonye vitoke kwanza. Vuta polepole utepe wa mpira wenye vile vikombe. Futa kaboni na bodi kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke kabisa. Msasa hapana, unakwangua kaboni na hairudi. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu hapana pia.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kurudisha. Utepe una vichuchu vinavyopita kwenye matundu ya bodi, na kila kimoja lazima kiingie mpaka mwisho. Kisukume kwa kitu butu. Kikibaki nusu, mpira unavimba na utapata noti inayojirudia au isiyonyamaza. Jaribu vibonye vyote 88 kabla ya kufunga skrubu ya mwisho. Ukimpa fundi wa redio, msomee aya hii.

Adapta ni ya volti 12. Ya mbadala lazima iwe na volti hizo hizo, na mchoro wa chanya na hasi ulingane na uliochapwa kwenye kinanda. Ampea zikizidi hakuna tatizo, zikipungua ndiyo shida. Umeme ukikatika, chomoa, maana unaporudi ndipo unapounguza. Waya wa adapta ufungwe kwenye mguu wa stendi ili mtu akijikwaa asing'oe tundu lililochomewa risasi kwenye bodi.

P-45 haina tundu la kwenda kwenye mixa, ina la hedifoni tu, nalo ni la stereo, yaani linatoa sauti ya kushoto na ya kulia. Wengi huchomeka jeki ya mono, yaani ya sauti moja, ambayo inaunganisha sauti ya kulia moja kwa moja na ardhi ya saketi (upande wa hasi). Nunua waya wenye jeki ya stereo upande mmoja na mbili za mono upande wa pili, ziende kwenye chaneli mbili. Spika za kinanda zitanyamaza, ndivyo kilivyoundwa. Washa kinanda kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

Na kinanda kikizimika katikati ya mahubiri, huo si ubovu. Kinajizima chenyewe kisipoguswa kwa dakika 30. Shikilia kibonye cha kwanza kabisa kushoto huku ukiwasha, utakuwa umeondoa mpangilio huo. Pedali ikifanya kazi kinyume, huenda mtu alikuwa ameikanyaga wakati wa kuwasha: zima, toa mguu, washa tena.

Kwenu pwani, kifunikeni kwa kitambaa, si nailoni, kwa sababu nailoni inafungia unyevu ndani. Vibonye vifutwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Spiriti ni ya ndani tu. Kikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, kisubiri saa kadhaa mpaka unyevu ukauke kabla ya kuwashwa. Halafu mende. Hao wanapenda joto la saketi, kwa hiyo msile karanga juu ya kinanda wakati wa mazoezi.

Ukifungua, nitumie picha ya utepe wa mpira kabla hujausafisha. Kama umepasuka, usafi hautasaidia. Mtaagiza mpya kwa jina la modeli lililo kwenye kibandiko cha chini.

Mjomba wako